Mama Hakuwa na Malaria

Nataka kukueleza habari ya mama yangu. Kabla ya kuandika nilimwomba ruhusa. Alifikiri kwa siku 2. Kisha akaniambia, "Andika, mwanangu. Lakini jina langu usiliandike. Andika ili mwingine asiteseke kama nilivyoteseka mimi." Ndiyo sababu naandika.

Kwetu ni Makete, katika mkoa wa Njombe. Ni nchi ya baridi. Mwezi wa Juni na Julai mtu hatoki nje usiku bila koti. Asubuhi nyingine umande huganda juu ya majani, ukawa mweupe kama chumvi.

Mwaka mmoja nilikwenda nyumbani kwa likizo mwezi wa Juni. Nililala chumba kimoja na mama. Baba alikuwa amehamia chumba cha wavulana. Sikuuliza kwa nini.

Usiku wa manane nilisikia mama akitupa mablanketi. Aliinuka, akafungua mlango, akatoka nje. Alikuwa amejifunga kanga moja tu. Nilimfuata. Nilimkuta ameketi kibarazani katika baridi ile. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Alikuwa akijipepea kwa upindo wa kanga.

Nikamwuliza, "Mama, unaumwa?"

Akajibu, "Rudi ukalale, mwanangu. Ni malaria tu. Itapita."

Baada ya dakika chache jasho lilikauka. Sasa akaanza kutetemeka kwa baridi. Tukarudi ndani. Kabla ya alfajiri akatoka tena.

Asubuhi nilimwuliza vizuri. Aliniambia kwamba mwaka ule alikuwa amekwisha kunywa dawa za malaria mara 3. Alizinunua dukani. Hakupimwa hata mara moja. Kila alipomaliza dawa, joto lilirudi.

Mchana ule nikasikia jambo baya zaidi. Nilikwenda bombani kuteka maji. Nilipofika, akina mama walinyamaza. Ndugu yangu mmoja akanivuta kando. Aliniambia kwamba jirani alimwona mama nje usiku mara nyingi, bila nguo za kutosha. Watu walikuwa wakiulizana anatafuta nini.

Ndugu msomaji, wewe unajua maneno kama hayo yanaelekea wapi. Hakuna aliyelitaja neno uchawi, lakini lilikuwa mlangoni. Katika nchi yetu wako wanawake wazee waliopigwa, waliofukuzwa, na hata waliouawa kwa ajili ya neno hilo moja.

Baba naye alikuwa amekwisha kumwuliza, "Usiku unakwenda wapi?" Mama hakujibu. Angejibu nini? Yeye mwenyewe hakujua ana nini. Baba akahamisha blanketi lake, akaenda chumba kingine.

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Nina cheti cha kazi hiyo. Kila siku nawaambia watu kwamba ujinga ni adui. Siku ile nilimwona adui huyo ameketi nyumbani kwetu, nami nilikuwa sijui kumtoa.

Kesho yake tulikwenda zahanati, mama na mimi. Ni mwendo wa saa 1 kwa miguu. Tulimkuta muuguzi, mama wa makamo, mpole wa maneno. Alimsikiliza mama mpaka mwisho.

Kwanza alimpima joto la mwili. Lilikuwa la kawaida. Hakuwa na homa. Kisha alimtoboa kidole, akachukua kitone cha damu kwa kipimo cha haraka cha malaria. Tulisubiri kiasi cha dakika 20. Hakukuwa na malaria. Alitueleza kwamba tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kila mtu anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Kunywa dawa bila kupimwa ni kupoteza fedha, na ni kuuficha ugonjwa mwingine.

Tena akauliza, "Mama, unakohoa? Umepungua mwili?" Aliuliza hivyo kwa sababu kutoka jasho jingi usiku kunaweza kuwa dalili ya kifua kikuu. Mtu anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi, anayekonda na kutoka jasho usiku, hana budi kupimwa makohozi. Mama hakuwa na kikohozi. Hakuwa amekonda.

Ndipo muuguzi akamwuliza, "Mara ya mwisho uliingia mwezini lini?"

Mama alitazama chini. Mimi mwanawe nilikuwa nimeketi karibu naye. Katika mila zetu, mambo hayo mama hayasemi mbele ya mtoto. Nilisimama ili nitoke. Lakini mama alinishika mkono. Akasema, "Kaa. Na wewe ni mwanamke. Siku yako itafika." Kisha akajibu, "Ni miezi 8 sasa." Wakati ule mama alikuwa na umri wa miaka 51.

Muuguzi akatabasamu. Akasema, "Mama, wewe huna ugonjwa. Hedhi yako inakoma. Joto hilo ni la safari hiyo."

Sasa nitakueleza aliyotufundisha, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye.

Ndani ya tumbo la mwanamke, pande mbili za mji wa mimba, kuna vifuko 2 vidogo vya mayai. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote. Ni kiasi cha milioni 1 hadi 2, tena madogo mno. Mengi hufa yenyewe. Anapovunja ungo hubaki kiasi cha laki 3 au 4. Katika maisha yake yote ni mayai mia chache tu yanayoiva. Mwishowe akiba hiyo huisha.

Vifuko hivyo vina kazi nyingine pia. Hutengeneza homoni. Neno hili ni geni, kwa hiyo tulisome polepole: ho-mo-ni. Homoni ni kitu kinachotengenezwa na sehemu moja ya mwili, kikapita katika damu, kikaenda kuiamsha sehemu nyingine ifanye kazi yake. Ni kama tarishi anayechukua barua. Neno hilo lilianza kutumiwa mwaka 1905 na mtaalamu wa Kiingereza, Ernest Starling, alipokuwa akifundisha London. Alilitoa katika lugha ya Kigiriki, na maana yake ni kuamsha au kuchochea.

Homoni kubwa ya vifuko vya mayai inaitwa estrojeni. Hiyo ndiyo inayomfanya msichana awe na matiti. Huutayarisha mji wa mimba kila mwezi. Huimarisha mifupa. Huifanya njia ya uzazi iwe laini na yenye unyevu. Mayai yanapokaribia kwisha, estrojeni hupungua. Haipungui kwa utaratibu. Leo iko juu, kesho iko chini. Kwa hiyo hedhi nayo huvurugika. Mara huja mapema, mara huchelewa, kisha huacha kabisa.

Mwanamke akikaa miezi 12 mfululizo bila kuingia mwezini, na hakuna sababu nyingine, basi hedhi yake imekoma. Kwa wanawake wengi jambo hili hutokea kati ya miaka 45 na 55. Likitokea kabla ya miaka 40 ni mapema mno, na mwanamke huyo inafaa aonwe na daktari.

Lakini joto je? Muuguzi alitueleza hivi. Katika ubongo kuna sehemu ndogo inayolinda joto la mwili. Ni kama mpishi anayeangalia moto. Moto ukizidi kidogo, mpishi mzuri hana wasiwasi. Estrojeni inapopungua, mpishi huyu huwa mwepesi wa kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, yeye hudhani nyumba inaungua. Hapo hapo huamrisha damu ikimbilie kwenye ngozi, na jasho litoke ili mwili upoe. Basi mwanamke huona joto la ghafla likianza kifuani, likipanda shingoni na usoni. Moyo hudunda. Jasho humlowesha. Baada ya dakika chache yote hupita, na mara nyingi baridi hufuata.

Wanawake wengi hupata joto hili. Wengine hulipata mara moja moja, wengine mara nyingi kwa siku. Wengine hawalipati kabisa. Kwa wengi huendelea kwa miaka kadhaa, kisha hupungua. Mtu anayeamshwa kila usiku hukosa usingizi. Anayekosa usingizi huchoka, husahau, hukasirika upesi. Hapo nilikumbuka jinsi nilivyomlaumu mama kwa ukali wake mwaka ule. Niliona haya.

Tulirudi nyumbani tukiwa wepesi. Hata hivyo kazi moja ilibaki. Nani atamwambia baba?

Mimi nisingeweza. Mtoto hasemi na baba yake habari za mwezini. Mama naye aliona haya. Kwa hiyo nilikwenda kwa shangazi, dada yake baba. Nilimweleza yote. Shangazi alinitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema, "Kumbe! Mimi nililowesha shuka kwa miaka 4. Nilidhani nimerogwa. Sikumwambia mtu."

Nami nikajiuliza: mama na shangazi wanakaa mita mia 2 tu. Wamelima pamoja, wamezika pamoja, wamelea watoto pamoja. Lakini jambo hili kila mmoja alilibeba peke yake.

Jioni ile shangazi alikuja. Alikaa na baba nje kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Nilisikia sauti ya baba mara moja tu. Aliuliza, "Kwa nini hamkuniambia?" Halikuwa swali la hasira.

Usiku ule blanketi la baba lilirudi mahali pake, nami nikaenda kulala chumba cha wavulana. Kesho yake baba alitengeneza kigoda kipya, akakiweka kibarazani karibu na mlango. Juu yake akaweka koti lake kuukuu. Hakusema kitu. Jirani alipopita na kukisifu kigoda, baba alimjibu, "Ni cha mke wangu. Umri wake humletea joto usiku. Hupumzika hapo." Maneno ya bombani yakaishiwa nguvu.

Mama alifuata mashauri ya muuguzi. Alichunguza ni vitu gani vinavyomwamshia joto. Kwake ilikuwa chai ya moto sana wakati wa usiku, pilipili, na ulanzi. Aliacha ulanzi, na chai aliinywa mapema. Alilala na nguo nyepesi ya pamba, na mablanketi mepesi anayoweza kuyaondoa moja moja. Aliweka kikombe cha maji karibu na kitanda. Joto likianza, alivuta pumzi polepole na kuishusha polepole. Joto halikwisha, lakini hofu iliondoka.

Yako mambo mengine ambayo estrojeni ikipungua huleta. Mifupa hupungua nguvu, na mwanamke mzee akianguka huvunjika upesi. Kwa hiyo ale dagaa pamoja na mifupa yake, maziwa, maharage na mboga za majani. Atembee na kufanya kazi za mwili. Asivute tumbaku. Apimwe shinikizo la damu, maana baada ya hedhi kukoma hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka. Njia ya uzazi nayo huweza kuwa kavu, na tendo la ndoa likawa la maumivu. Hilo si kosa la mke, wala si dalili kwamba hampendi mumewe. Kuna dawa za kulainisha. Amweleze mumewe, na amweleze muuguzi.

Jambo jingine ni mimba. Hedhi inapovurugika, mwanamke bado anaweza kupata mimba. Wataalamu hushauri aendelee na uzazi wa mpango mpaka mwaka 1 upite tangu hedhi ya mwisho, ikiwa amefika miaka 50. Ikiwa hajafika miaka 50, basi miaka 2.

Huenda utauliza, je, hakuna dawa ya kurudisha homoni? Ipo. Kuna vidonge, na kuna bandiko la kubandika kwenye ngozi. Dawa hiyo hupunguza joto la ghafla kuliko dawa nyingine yoyote. Kwa kawaida hutolewa na daktari katika hospitali kubwa. Mwaka 2002, huko Marekani, sehemu ya uchunguzi mkubwa wa dawa hiyo ilisimamishwa kwa sababu ilionekana huongeza saratani ya matiti na magonjwa mengine. Wanawake wengi duniani waliiacha kwa hofu. Baadaye wataalamu walipima tena hesabu zile. Waliona kwamba kwa mwanamke ambaye hajafika miaka 60, au ambaye hedhi yake imekoma chini ya miaka 10, tena hana ugonjwa unaomkataza, mara nyingi faida ni kubwa kuliko madhara.

Lakini si dawa ya kila mtu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu katika mishipa au kupata kiharusi, au anayetokwa damu bila sababu kujulikana, kwa kawaida hapewi. Tena mwanamke mwenye mji wa mimba hapewi estrojeni peke yake. Huongezewa homoni ya pili ya kuulinda mji wa mimba usipate saratani. Kwa hiyo usiinunue barabarani, wala usiazime ya jirani. Nenda kwa daktari. Mama yangu yeye hakuihitaji.

Likizo ilipokwisha nilirudi kazini. Nilifikiri sana. Je, niifundishe habari hii darasani? Darasa letu la kisomo lina wanawake na wanaume, na wengi wamenizidi umri. Mwishowe nilizungumza kwanza na wanawake peke yao. Nililiandika neno homoni ubaoni. Kisha nikawaeleza habari ya mama mmoja, bila kusema ni mama yangu.

Kwanza kulikuwa kimya. Kisha mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, hata mimi." Wa pili akasema, "Hata mimi." Jioni ile hatukufungua kitabu. Tulizungumza mpaka giza likaingia.

Walipokuwa wakiondoka, mama mmoja alibaki nyuma. Aliniambia kwa furaha kwamba yeye hedhi yake ilikoma miaka 4 iliyopita, lakini sasa imerudi. Alidhani ujana umemrudia.

Ndugu msomaji, hapa tafadhali soma polepole. Hedhi ikisha kukoma mwaka mzima, hairudi. Damu ikitoka baada ya hapo, hata kama ni tone moja, hiyo si hedhi. Mara nyingi sababu yake si kubwa. Lakini inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya shingo ya mji wa mimba, na saratani ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Mwanamke huyo asingoje. Aende hospitali wiki ile ile.

Nilimwambia hivyo. Alikasirika kidogo, maana nilimvunjia furaha yake. Lakini alikwenda. Hospitalini walikuta kinyama kidogo kimeota ndani ya mji wa mimba. Walikiondoa, wakakipima. Haikuwa saratani. Kwa mwingine ingeweza kuwa. Leo mama huyo huketi mstari wa mbele darasani, na kila mwanafunzi mpya humfundisha yeye jambo hilo kabla sijalifundisha mimi.

Baadaye wanaume walidai nao wafundishwe. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona mlituacha gizani? Sisi ndio tunaolala nao." Alisema kweli. Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Alikosa habari tu.

Mama sasa amefika mwisho wa safari ile. Joto humjia mara chache. Kigoda kipo bado kibarazani. Siku hizi hukikalia shangazi anapokuja kuzungumza, na mimi nikiwapo huitwa nikae pamoja nao. Hawanyamazi tena nifikapo.

Wewe uliyesoma habari hii umejua kusoma. Nyumbani kwako yuko asiyejua. Msomee mkeo. Msomee mama yako, ikiwa mila inakuruhusu. Ikiwa hairuhusu, mtafute shangazi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mama huyu alidhani ana malaria? Angefanya nini kabla ya kunywa dawa?

2. Homoni ni nini? Estrojeni ikipungua, mwili huona mabadiliko gani?

3. Baba alifanya nini baada ya kuelezwa? Wewe ungefanya nini?

4. Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma mwaka mzima anaona damu. Utamshauri nini?

5. Katika kijijini kwenu, ni nani anayeweza kuwaeleza wanaume habari hizi bila kuvunja heshima?